Usiku wa Kwanza Ndani ya Hiace

Haya tumeyaandika sote wawili, ingawa kalamu ameishika mama. Baba ameketi kando akisahihisha majina ya barabara.

Mtoto wetu wa mwisho alipokwenda chuoni mwaka 2016, nyumba yetu ilikuwa kimya kuliko tulivyotazamia. Kwa miaka mingi mazungumzo yetu yalikuwa ya ada, sare na homa za watoto. Hayo yalipokwisha tukajikuta hatuna la kuambiana. Baba akazidi kutoka kila Jumamosi na kamera yake kupiga picha za mandhari, mama akabaki na manung'uniko. Manung'uniko hayo yalikuwa na msingi, maana fedha za gesti na mafuta zilitoka katika mfuko ule ule wa nyumba. Na picha zenyewe zilikuwa za mawingu matupu! Mlima Kilimanjaro huonekana vizuri zaidi alfajiri. Kisha mawingu hupanda, na mara nyingi kabla ya adhuhuri kilele kimekwisha kufunikwa. Anayeamka gesti, akangoja chai, kisha akaanza safari, hukuta pazia limefungwa.

Siku moja tuligombana, na katika hasira mama akasema, "Basi si ukalale huko huko ndani ya gari!" Baba hakujibu. Alikaa akifikiri, na kesho yake akaja na karatasi ya hesabu.

Tulinunua Hiace kuukuu iliyokuwa daladala. Tuling'oa viti vya nyuma, seremala akatutengenezea kitanda cha mbao chenye nafasi ya vyombo chini yake. Tukaweka godoro la inchi nne, dumu la maji, taa ya betri, na mapazia ya kitenge aliyoshona mama. Sharti lilikuwa moja: haendi mtu peke yake.

Safari ya kwanza ilikuwa Julai 2017. Tulipita Boma Ng'ombe na Sanya Juu hadi Ngare Nairobi, upande wa magharibi wa mlima. Hatukuegesha gari porini. Tuliomba nafasi katika uwanja wa kanisa, mwinjilisti akatukaribisha na kutuonyesha choo. (Akina mama mtaelewa kwa nini choo kinatajwa hapa.) Tulipika wali na maharage nje, tukaomba, tukalala.

Baridi ya huko mwezi wa Julai haina huruma. Blanketi mbili hazikutosha. Tukaona heri tuingize lile jiko la mkaa. Makaa yalikuwa mekundu, hayatoi moshi hata chembe. Tukafunga vioo ili joto lisitoke, tukajiona wenye akili sana.

Kiasi cha saa tisa usiku mama aliamka kichwa kikimgonga na kichefuchefu kimemjaa. Alimtikisa baba, naye akaitika kwa sauti ya mlevi, mtu ambaye hajapata kuonja pombe. Miguu yake haikumtii. Mlango wa Hiace ile ulikuwa mgumu tangu tulipoinunua, na usiku ule mama aliuvuta mara tatu kabla haujafunguka. Tuliangukia majani yenye umande, tukalala hapo tukihema. Baba alitapika. Hatukuweza hata kuomba kwa maneno.

Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hudanganya zaidi. Dada, kama wewe huingiza jiko chumbani wakati wa baridi ili mtoto apate joto, tunakusihi ulitoe nje leo hii. Sisi wenyewe tulipaswa kwenda zahanati mara moja. Hatukwenda, na hilo lilikuwa kosa la pili.

Tulikaa nje tumejifunika blanketi moja hadi kukapambazuka. Ndipo tukaona kosa la tatu, dogo. Tulikuwa tumekuja kupiga picha ya mlima wakati wa macheo, na jua lilikuwa likichomoza nyuma yake. Kilimanjaro yote ilikuwa kivuli cheusi. Baba, mpiga picha wa miaka mingi, hakuwa amelifikiria hilo! Tulicheka mpaka mwinjilisti akatoka kutazama kulikoni.

Mama alipogeuka kuchukua maji, akauona Mlima Meru upande wa pili, kilele chake kimekuwa chekundu kwa mwanga wa kwanza. Baba alikuwa bado anatetemeka. Akamkabidhi mama kamera, akamwonyesha pa kubonyeza.

Siku ile hatukuondoka. Tulingoja jua lipite juu ya mlima, maana upande ule mwanga mzuri huja jioni, endapo mawingu yatakubali. Saa zile za kungoja tulizungumza mambo ya miaka kumi: mimba iliyoharibika, ambayo hatukupata kuililia pamoja, na fedha aliyokopeshwa ndugu bila mama kuambiwa. Mambo mengine hayakwisha siku ile. Mawingu hayakukubali.

Tangu hapo tumelala ndani ya gari lile Lushoto, karibu na genge la Irente, na mara kadhaa Rombo, ambako jua la asubuhi huupiga mlima usoni. Mkaa hatubebi tena. Tunapika kwa gesi, nje, na mtungi hulala nje. Tumeongeza blanketi mbili nzito.

Picha iliyoko sebuleni ni ile ya Meru aliyoipiga mama. Imetikisika kidogo. Stendi ya kamera ilikuwa bado ndani ya Hiace, na hakuna aliyetaka kuingia kuichukua.