Mtafsiri Aliyemficha Muuaji

Picha la upelelezi halikuwa jambo la kuangalia kimya kimya. Mwishoni mwa miaka ya tisini banda letu la video pale Gungu lilikuwa la mabati: mabenchi, televisheni moja, deki moja. Kigoma ilikuwa nje ya gridi ya Taifa, ikiwashwa kwa majenereta ya dizeli, hivyo mkanda ukianza usiku hukuwa na uhakika wa kuumaliza.

Kando ya televisheni alisimama mtafsiri na kipaza sauti. Mchana alikuwa ameshaliangalia picha peke yake, kwa hiyo kati yetu sote ni yeye tu aliyemjua muuaji.

Naukumbuka usiku wa The Fugitive, picha la mwaka 1993. Harrison Ford ni Daktari Kimble wa Chicago, amehukumiwa kifo kwa kosa la kumuua mkewe, naye anamsaka mtu mwenye mkono wa bandia. Treni ilipoligonga basi la wafungwa banda zima lilisimama. Sisi ni watu wa mwisho wa reli, uzito wa treni tunaujua. Na ile iligongeshwa kweli, si mchezo wa kamera. Baada ya hapo kila aliyeficha mkono tulimshuku. "Huyo! Mwangalie mkono!"

Kumbe aliyepanga yote ni Daktari Nichols, rafiki wa Kimble, aliyempa hadi pesa za kukimbilia. Mtafsiri alimpa sauti ya upole, ya mzee anayetoka msikitini, akimwita Kimble "ndugu yangu" kila mara. Tukampenda. Alipofichuka, mtafsiri hakuibadilisha sauti ile hata kidogo. Upole ule ule, sasa kinywani mwa adui. Nilitetemeka.

Kisha zikaja CD kutoka Dar es Salaam, watafsiri Lufufu na DJ Mack wakiwa wamekwisha kurekodi tafsiri zao. Walikuwa mafundi, sibishi. Lakini sauti iliyorekodiwa haioni nyuso za watu. Mtafsiri wetu akisikia mtu wa benchi la nyuma ameanza kumtaja Nichols, alitupoteza kwa sentensi moja, tukahamia kwa mwingine. Ule ulikuwa usanii wa hali ya juu, na sioni kama tuliuthamini.

Leo muvi inarushwa kwenye simu. Mpwa wangu huweka spika za masikioni, na akichoka kusubiri anatafuta mwisho wake mtandaoni kabla hata maiti ya pili haijaonekana.

Mabanda yaliyobaki yanajaa siku za Ligi Kuu ya Uingereza, au Simba na Yanga zikikutana. Nikipita nje nasikia makelele yale yale tuliyompigia mwenye mkono wa bandia. Mpira wa moja kwa moja hakuna aliyeuangalia mchana peke yake, wala mtandao hauna mwisho wake, ndiyo maana watu bado wanalipa kiingilio na kubanana mabenchini.