Uwiano Uliotoka Katika Giaboksi

Mwalimu anayefundisha uwiano katika darasa la tano au la sita, kwa desturi, huanza na maana ya neno. Huandika ubaoni kwamba uwiano ni ulinganisho wa kiasi kimoja na kingine, hutoa mfano wa maembe na machungwa, kisha watoto hupewa maswali kumi. Mpango huo huwatosha wenye kuona upesi. Lakini kila darasa lina watoto watano au sita ambao huyanakili maneno hayo yote kwa mwandiko safi, wala hawajui wamenakili nini. Katika makala haya tunapenda kuwaeleza wanachuo habari ya kazi iliyotufunza jambo juu ya watoto wa namna hiyo. Kazi yenyewe haikukusudiwa kuwa somo: ilikuwa ni kuifungua na kuijenga upya giaboksi ya gari la zamani, nyumbani kwetu Chanika.

Gari hilo ni MGB, gari dogo la michezo lenye viti viwili na paa la turubai. Aina hii iliundwa Abingdon, Uingereza, tangu mwaka 1962 hadi mwaka 1980. Letu ni la mwaka 1965, tulilirithi kwa baba yetu mdogo. Lilikuwa bado linakwenda, ila gia ya pili ilisaga kila ilipoingizwa, na ikisha kuingia huruka yenyewe gari linapoteremka Pugu. Mshahara wa mkufunzi hauruhusu kulipeleka gari kama hilo kwa mabingwa. Basi tukamwendea mzee jirani yetu, fundi wa magari aliyekwisha kustaafu. Mzee huyu alisoma hadi darasa la nne. Alipata kuyapenda magari ya kasi mwaka 1972, Safari Rally ilipoanzia Dar es Salaam na Hannu Mikkola akashinda kwa gari la Ford Escort, na mpaka leo huwezi kukaa naye nusu saa asiitaje siku hiyo.

Pamoja naye alikuja mjukuu wake wa darasa la tano. Taarifa ya muhula ya mtoto huyo ilikuwa na neno moja tu mbele ya somo la Hisabati: "Mzito." Babu yake alikwisha kulikubali neno hilo. Alituambia mbele ya mtoto, bila chuki yoyote, kwamba huyu atamaliza shule ya msingi aingie gereji, na kwamba kumsumbua kwa habari za sekondari ni kupoteza fedha. Mtoto aliinamia spana alizokuwa akizipanga. Wanachuo watafahamu kwamba tangu dakika ile hatukuwa tena na shughuli ya gari peke yake.

Tuangalie kwanza jinsi mzee alivyoianza kazi, maana hapo ndipo penye somo la mbinu. Hakututajia jina la kifaa hata kimoja. Alituambia, "Mwalimu, liendeshe mpaka kwenye lami urudi, kisha unieleze linalia wapi." Tuliporudi alitaka kujua: linalia likipanda au likishuka? Ukikanyaga klachi mara mbili linaacha? Gia ya tatu nayo je? Alituuliza maswali saba au manane, na kila jibu lilipunguza mahali pa kutafuta, hata kabla ya kufungua nati moja tukawa tunajua ugonjwa uko katika pete ya gia ya pili na pengine katika shafti ya chini. Sisi walimu huanza na jina, tukafuatisha maana, na tatizo huja mwisho kama zoezi la nyumbani. Yeye alianza na tatizo, na majina yakaja kila yalipohitajika.

Katika MGB huwezi kuishusha giaboksi peke yake kwa chini. Hapana budi injini na giaboksi vitoke pamoja kwa juu. Tulitumia cheni-bloku na magogo matatu yaliyofungwa kileleni, na siku nzima ikaishia hapo. Giaboksi ilipokwisha kutenganishwa na injini na kuwekwa mezani, mzee alikwenda kuswali alasiri, tukabaki na mtoto. Tulipiga alama ya chaki kwenye flenji ya nyuma. Tukaingiza gia ya kwanza, tukamwambia aizungushe shafti ya mbele kwa mkono na kuhesabu, mpaka alama ile iwe imezunguka mara kumi. Alihesabu thelathini na sita na kitu. Gia ya pili ilitoa ishirini na mbili na kidogo. Ya tatu ilikaribia kumi na nne. Ya nne ilitoa kumi kamili. Hapo alisimama, akarudia kuhesabu akidhani amepunjwa, akapata kumi vilevile.

"Ya nne haifanyi kazi, mwalimu?"

Tulimwambia angoje mpaka tufungue. Tulipofungua kesho yake aliona mwenyewe: katika gia ya nne shafti ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja zikawa kama moja, na gia za chini huzunguka bure. Katika gia nyingine mwendo hushuka kwanza kwenye kundi la gia za chini, kisha hupanda tena, na gia ndogo hulazimika kuzunguka mara nyingi ili kuizungusha kubwa mara moja. Alisema bila kuulizwa kwamba ndiyo sababu gia ya kwanza ina nguvu na haina mbio.

Msomaji asidhani kwamba mambo yaliishia hapo kwa furaha. Jioni ile tulimwandikia kwenye daftari: 36.4 ÷ 10. Alikwama kabisa. Mikono iliyokuwa imekwisha kuifanya hesabu hiyo haikuitambua ilipovaa nguo za nambari. Jambo hili yafaa litiliwe mkazo, kwa kuwa wapo wanaohubiri kujifunza kwa vitendo kana kwamba kitendo hujifundisha chenyewe. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967 ilitaka kazi na masomo viungane. Mahali pengi kazi ilibaki kuwa jembe na masomo yakabaki ubaoni, kila kimoja na saa yake katika ratiba. Fundi humpa mtoto mkono na sikio. Kumvusha mtoto huyo kutoka kwenye shafti hadi kwenye nukta ya desimali ni kazi ya mwalimu, na mzee wetu, pamoja na ubingwa wake wote, hakujua kwamba kazi hiyo ipo.

Tulichora jedwali kwa chaki kwenye mlango wa stoo, lenye safu tatu: gia, mizunguko ya mbele, mizunguko ya nyuma. Mtoto alijaza hesabu zake za mizunguko kumi ya nyuma. Kisha tukamtaka aseme: nyuma ikizunguka mara moja tu, mbele itazunguka mara ngapi? Giaboksi ilikuwa imekwisha kufunguliwa, hivyo hakuweza kujaribu. Alifumba macho, vidole vikizunguka hewani. "Tatu, na imepita nusu." Tukaandika 3.6 chini ya 36. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema nukta imeruka. Gia ya pili aliiandika mwenyewe: 2.2. Vitabu vya gari hilo vinataja 3.64 na 2.21, na mtu aliyehesabu kwa mkono na alama ya chaki hawezi kudaiwa zaidi.

Matengenezo yenyewe yalichukua wiki tano za Jumamosi na Jumapili. Kila kifaa kilipotoka kililazwa kwenye turubai kwa utaratibu wa kutoka, kushoto kwenda kulia, wala hapakuwa na ruhusa ya kuruka mstari. Kitovu cha sinkronaiza kilifunguliwa ndani ya kitambaa, kwa kuwa kina golori tatu na springi tatu ambazo hurukia majanini mara zikipata nafasi. Pete za shaba zilikuwa zimelika. Pete hiyo hukwaruzana na gia, ikaipunguza au kuiongeza mwendo mpaka ilingane na shafti, na kabla ya kulingana huyazuia meno yasiingie. Pete mpya na shafti ya chini tuliletewa na ndugu aliyetoka Uingereza, ambako spea za gari hili bado zinatengenezwa. Gasketi tulikata wenyewe. Wakati wa kufunga, beringi za sindano zilishikizwa kwa grisi juu ya shafti ya bandia iliyochongwa Gerezani, na kundi la gia za chini likalazwa sakafuni mwa giaboksi mpaka shafti ya juu ikae mahali pake, ndipo likanyanyuliwa kwa nyuzi mbili. Mtoto ndiye aliyeshika nyuzi.

Kabla ya kurudishwa garini, mzee aliizungusha giaboksi kwa mkono, akasikiliza. Mjukuu wake akamwambia, "Babu, hesabu kumi za nyuma, mbele utapata thelathini na sita." Mzee alihesabu. Alipofika alitutazama sisi, akamtazama mtoto, akauliza amelijuaje jambo ambalo yeye katika miaka yote ya kufungua giaboksi hakupata kulihesabu. Mtoto alimpeleka mlangoni kwa stoo akamsomea jedwali. Wiki iliyofuata mzee alikuja kutuuliza masomo ya jioni yanalipiwa kiasi gani.

Gia ya pili sasa huingia kimya. Ya kwanza bado hulia ukiiingiza gari likiwa linatembea, na italia siku zote, kwa sababu MGB za kabla ya mwaka 1967 hazikuwekewa sinkronaiza katika gia hiyo. Dereva husimama kwanza au hukanyaga klachi mara mbili.

Mwanachuo atakayepelekwa Kigoma au Newala hatakuta MGB. Atakuta baiskeli. Na aigeuze juu chini mbele ya darasa, afunge uzi mwekundu kwenye spoku moja ya gurudumu la nyuma, na mtoto mmoja azungushe pedeli mara kumi wenzake wakihesabu uzi. Kisha wahesabu meno ya gia kubwa na ya gia ndogo, waone kama hesabu mbili zinaafikiana. Cherehani cha mkono nacho hufaa: mpini mara moja, sindano mara ngapi? Majibu yaandikwe na watoto wenyewe katika safu tatu, na neno uwiano liandikwe juu ya jedwali baada ya safu kujaa.