Anayeupa Uwanja Mgongo: Kuchagua Manahodha wa Washangiliaji Mugeta



Katika shule zetu nyingi kuna vyeo viwili vinavyogombaniwa sana: kiranja mkuu na nahodha wa timu ya mpira. Cheo cha nahodha wa washangiliaji huonekana kuwa jambo dogo mpaka siku ya kumchagua ifike. Sisi mafrateri wawili tuliotumwa Mugeta, wilayani Bunda, kwa mwaka wetu wa uchungaji, tulijikuta ndani ya jambo hilo dogo. Tulikuwa tukifundisha dini katika shule moja ya sekondari, na kwa kuwa mmoja wetu anapiga ngoma, mwalimu wa michezo alituomba tumsaidie kukinoa kikundi cha ushangiliaji.

Shule ilikuwa ikijiandaa kwa UMISSETA, yaani Umoja wa Michezo na Sanaa kwa Shule za Sekondari Tanzania. Mashindano haya huanzia karibu na nyumbani, hupanda hadi wilaya, mkoa, na mwisho taifa. Kikundi chetu kilikuwa na wanafunzi 26, madumu matatu, filimbi mbili, na ngoma moja tuliyoazima parokiani. Lakini gari la shule haliwezi kubeba timu zote pamoja na washangiliaji 26. Ilikwisha kuamuliwa kwamba, endapo timu ingefika ngazi ya mkoa, manahodha wawili wa washangiliaji, msichana mmoja na mvulana mmoja, wangekuwa na nafasi garini. Kwa hiyo cheo hicho kilikuwa pia safari ya Musoma. Kwa mtoto ambaye mji wa mbali kuliko yote aliowahi kuuona ni Bunda, hilo si jambo la mzaha.

Kwanza tulijiuliza: nahodha wa washangiliaji hufanya kazi gani hasa? Anaanzisha nyimbo. Anapanga mistari. Anajua lini madumu yanyamaze ili sauti zisikike. Anazuia matusi mwamuzi anapokosea. Na kuna jambo jingine tuliloligundua tukiwa pembeni ya uwanja: muda mwingi anasimama akiwatazama wenzake, ameupa uwanja mgongo. Goli linapofungwa, yeye hulisoma katika nyuso za wengine. Anayetaka kuangalia mpira vizuri hafai kazi hiyo.

Watu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kufundishwa habari hizi kutoka mbali. Bujora, pale Kisesa mkoani Mwanza, ambako Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianzisha makumbusho ya utamaduni wa Wasukuma, kila mwaka kuna sherehe ya Bulabo inayofungamana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Wagika na Wagalu hucheza ngoma zao wakati mmoja, kila kundi upande wake, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Manju akipoa, watu humhama akiwaona. Huko Marekani nako wanasimulia kwamba ushangiliaji wa kuongozwa ulianza mwaka 1898, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, wakati timu yao ilipokuwa imeandamwa na vipigo. Mwanafunzi mmoja, Johnny Campbell, alisimama mbele ya watu akaongoza kelele zao. Tunapenda kukumbuka kwamba kazi hii ilianza kwa ajili ya timu iliyokuwa inafungwa.

Sasa, achaguliwe vipi? Wanafunzi walitaka kura. Walimu wengine walitaka wachukuliwe wenye alama nzuri darasani, ili cheo kiwe zawadi. Wapo waliosema achukuliwe tu mwenye sauti kubwa, basi. Kila njia ilikuwa na ukweli wake, na kila njia ilikuwa na shimo lake. Kura ingefuata madarasa: kidato cha nne wangempa wa kwao. Alama hazisemi lolote kuhusu mtu atakavyowashika wenzake juani. Na sauti, ingawa ni neema, si uongozi.

Tukakaa na mwalimu wa michezo, tukafungua Matendo ya Mitume, sura ya sita. Jumuiya ya kwanza ilipohitaji watu saba wa kuhudumia meza, Mitume hawakuwateua peke yao, wala hawakuwaachia watu bila mwongozo. Walitaja sifa za kutafutwa, jumuiya ikatoa majina, kisha Mitume wakaomba na kuwawekea mikono. Mtakatifu Benedikto naye, katika sura ya tatu ya Kanuni yake, anamtaka abate awasikilize ndugu wote, kwa kuwa mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo bora. Tukafuata njia hiyo. Kikundi kingecheza katika mechi tatu za kirafiki. Baada ya hapo kila mwanafunzi angeandika majina mawili na sababu, na sababu isiwe sauti. Mwalimu angeamua, nasi tungemshauri.

Habari zikafika nyumbani. Jumapili moja, baada ya Misa ya kwanza, mzee mmoja alitufuata nje ya kanisa. Alituamkia kwa heshima kuliko umri wetu, akasema, “Mafrateri wangu, sauti ya binti yangu mnaijua wenyewe. Kama kuna gharama yoyote ya sare, mimi nipo.”

Tulimjibu, “Shikamoo, mzee wetu. Tunashukuru kwa moyo huo. Sare zitashonwa za wote. Majina tutayasikia siku moja na wewe.”

Hakukasirika. Na alichosema kilikuwa kweli: binti yake, wa kidato cha tatu, alikuwa na sauti ya kusikika ng'ambo ya uwanja, na ndiye tuliyemtegemea kuanzisha nyimbo zote ngumu.

Mechi ya pili ndiyo iliyotuonyesha mengi. Tulifungwa mabao manne bila jibu. Kipindi cha pili mstari mzima ulikaa chini, hata yule mwenye sauti nzuri. Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye kwa kawaida alichelewa mazoezini na mara nyingine alikuja na mdogo wake mgongoni, alichukua dumu akaanza wimbo wa taratibu, wa chini, ambao hata mchovu angeweza kuuitikia. Wakainuka mmoja mmoja. Dakika chache baadaye mchezaji wa timu pinzani alianguka akishika goti, na baadhi ya wavulana wetu wakaanza kumzomea. Msichana yule hakuwakemea. Alibadilisha wimbo, akaingiza ule ambao wote wanaupenda, na zomeazomea ikafia ndani ya kiitikio.

Karatasi zilipokusanywa, jina lake lilikuwamo katika nyingi kuliko tulivyotarajia. Mmoja aliandika kwamba huwakumbusha maneno wanaposahau bila kuwacheka. Mwingine aliandika tu kwamba akiwepo hawagombani. Kwa upande wa wavulana, wengi walimtaja mpiga dumu mmoja mpole ambaye hata sisi hatukuwa tumemtilia maanani.

Palikuwa na kikwazo: kuchelewa. Mwalimu alisema kwa haki kabisa, “Nahodha anayechelewa atamkaripia nani?” Tukaenda naye nyumbani kwao. Tulipofika tukaelewa. Baada ya masomo msichana huyu huenda kisimani kwanza, ndipo aje uwanjani. Tulikumbuka nyumba ya Yese, Samweli akiwapima vijana saba waliosimama mbele yake, na wa nane yuko malishoni kwa sababu lazima mtu awepo malishoni. Mara nyingi asiyekuwepo wakati wa kuchaguliwa hayupo kwa sababu anafanya kazi ya wengine.

Mama yake alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: “Sawa, walimu wangu. Na maji nani atachota?”

Hatukuwa na jibu. Jibu lilitoka kwa mpiga dumu. Alipoelezwa jambo hilo kesho yake, alisema wavulana wanne wenye baiskeli wangepeana zamu, kila siku ya mazoezi mmoja wao apeleke madumu mawili ya maji kwa yule mama. Walifanya hivyo. Wengine waliwacheka njiani, kwamba wamekuwa mabinti. Nao walipiga kengele za baiskeli wakapita. Siku hiyo mwalimu alituambia kwamba nahodha wa pili hana haja ya kujadiliwa tena.

Ilibaki kazi ngumu kuliko zote. Katika shule nyingi majina hubandikwa kwenye ubao wa matangazo, na aliyekosa hujisomea mwenyewe mbele ya macho ya wenzake. Tuliomba majina yasibandikwe kabla hatujazungumza na waliokuwa wanatarajia. Binti wa yule mzee tulikutana naye pamoja na mwalimu wa malezi, chini ya mti karibu na ofisi. Alisikiliza, akauliza, “Frateri, nilikosea wapi?”

“Hukukosea popote,” tulimwambia. “Nafasi ya msichana ni moja, na mlikuwa zaidi ya mmoja mnaofaa.”

Alinyamaza muda mrefu. Hakuja mazoezini wiki ile, wala iliyofuata. Msimu wote alibaki katika kwaya ya parokia. Tulimfikiria sana Yosefu aitwaye Barsaba, ambaye alisimamishwa pamoja na Mathia, kura ikamwangukia mwenzake. Maandiko hayamtaji tena baada ya hapo, lakini tayari yamesema kwamba alikuwa miongoni mwa watu waliomfuata Bwana muda wote. Sifa hiyo haikufutwa na kura. Kila uchaguzi katika Kanisa una Barsaba wake, na wajibu wetu kwake hauishi siku majina yanapotangazwa. Timu ilipopata safari ya Musoma, binti yule alikuja getini pamoja na wengine waliobaki. Hakupunga mkono, lakini alikuja.

Tuliongeza sharti moja. Kila nahodha alikuwa na msaidizi, na katika kila mechi ya tatu alimwachia filimbi, yeye akasimama mstarini kuitikia. Hapa Mara somo hilo lina mfano wa karibu. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, akamwachia Rashidi Kawawa, naye akaenda kukijenga chama. Kuachia filimbi ukiwa bado una pumzi ni sehemu ya uongozi.

Wapendwa wasomaji, parokiani kwetu tunachagua viongozi wa jumuiya ndogondogo, wa kwaya, wa vyama vya kitume na wa halmashauri ya walei. Mara nyingi tunamaliza kazi hiyo kwa dakika chache baada ya sala, kwa kunyoosha mikono, na anayechaguliwa ni yule aliyesema sana siku hiyo. Tuulizane kwanza: ni nani aliyebaki akiimba tulipokuwa tunafungwa? Ni nani hayupo hapa kwa sababu yuko kisimani? Na yule ambaye hatutamchagua, nani atakwenda kuzungumza naye?

Nasi tunaojiandaa kwa upadre tunalo la kwetu. Tunaomba kuwekwa mbele ya watu, na mbele ya watu ni mahali pa kuwatazama wao. Mtuombee tusigeuke kuangalia mpira.