Jasho la Ndia Kuu

Ni Machi, kaskazi imelegea na kusi haijaingia. Saa saba mchana, nguo zilizoanikwa kwenye roshani za Ndia Kuu hazitikisiki. Kivuli kipo, maana nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa zimesogeleana hata jua halipati pa kushukia, lakini hewa imejaa maji ya bahari na jasho halikauki mwilini.

Hamali wawili wanakuja na mkokoteni kutoka upande wa Fort Jesus. Wamepakia mitungi ishirini ya maji ya kuuza, kila mtungi lita 20. Hizo ni kilo 400, mkokoteni wenyewe haujahesabiwa. Misuli inayosukuma mzigo kama huo hutumia karibu robo tu ya nguvu zake kwenye kazi, na zilizobaki hugeuka joto. Joto hilo lisipopata njia ya kutoka, damu haichukui muda kupanda kutoka nyuzi 37 hadi 40 na zaidi, mtu akaanza kupayuka na kuanguka.

Hawa hawaanguki. Ndani kabisa ya ubongo, haipothalamasi inapima joto la damu inayopita, na likizidi kidogo tu hutanua mishipa iliyo chini ya ngozi na kuziamsha tezi za jasho. Figo nazo hubana maji, ndiyo sababu mtu aliyeshinda juani hukojoa kidogo, tena mkojo wa manjano iliyokolea. Mwaka 1926 mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, aliuita uangalizi huu homeostasisi. Mimi nauona kwenye mikono ya hamali, mishipa imetutumka kama kamba.

Lita moja ya jasho, likikauka lote juu ya ngozi, huondoka na joto la kutosha kuchemsha lita saba za maji. Likidondoka chini, limepotea bure. Mchana huu linadondoka, nalifuata kwa macho kutoka kidevuni hadi barabarani. Mwili umefanya yote unayoyaweza, kilichokosekana ni upepo. Waliojenga mji huu walilijua hilo: kuta nene za mawe, dari ndefu, madirisha ya vibao vinavyopitisha hewa, vichochoro vinavyoteremka hadi baharini. Basi huniuma sana kuona ghorofa la saruji likisimamishwa kwenye mdomo wa kichochoro. Watu hulalamikia sura ya mji inayoharibika, na wana haki. Lakini aliye nyuma ya ghorofa hilo amezibiwa upepo ambao jasho lake lilikuwa likiungoja.

Mkokoteni unasimama mbele ya muuza kahawa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wanangu. Ketini kwanza mpoe."

Mmoja ni mgeni, ndiyo kwanza ashuke kutoka Limuru. Shati lake jeusi limejaa michirizi myeupe ya chumvi, la mwenzake halina hata alama. Mwili uliozoea joto hutoa jasho mapema na kwa wingi, ila chumvi yake hairuhusu iende ovyo: homoni ya aldosteroni huzifanya tezi ziirudishe ndani kabla jasho halijatoka. Somo hilo huchukua wiki moja hadi mbili. Babu amemwona. Anamkamulia ndimu kwenye bilauri ya maji, anatia chumvi.

"Kunywa hii, mwanangu. Maji matupu hayatakufaa."

Anasema kweli. Anayepoteza chumvi nyingi kisha akajaza tumbo maji matupu, lita kwa lita, huipunguzia damu yake chumvi zaidi, na kichwa kikaanza kuuma na kuzunguka.

Mwisho wa mwezi shati la kijana huyu halitakuwa na michirizi mingi hivi. Lakini akienda kukaa kwao Limuru wiki nne tano kwenye baridi, mwili utausahau ujuzi huo, na akishuka tena pwani itabidi ajifunze upya.