Kalamu ya tete kutoka Kasongo



Wale wa likelemba yetu wanakumbuka fujo ya kaye mwaka jana. Wengine niwaeleze kwa ufupi. Tunao wamama wawili ambao majina yao yanaanza na Mwa- na yanaishia na a. Mimi nilikuwa karani. Niliandika haraka, biki mkononi na mtoto mgongoni, na m yangu, n yangu, u yangu na w yangu zote zilikuwa kitu kimoja: vijiti vilivyosimama pamoja kama fito za ua. Siku ya kuhesabu, michango ya miezi miwili ya mmoja ikasomwa kwenye jina la mwingine. Hakuna aliyeiba. Lakini yalisemwa maneno mazito, na wamama wale wawili, waliokuwa wakiuza ndizi kwenye meza moja, wakatenganisha meza. Pesa zilipatikana baada ya juma mbili. Salamu kati yao zilikawia sana.

Niliomba radhi, nikatoa kaye kwa mwenzangu. Sikujua wakati ule kwamba dawa ya mwandiko wangu ilikuwa Kasongo, kwenye kilio.

Nilitoka Kindu mwezi wa saba, siku mbili juu ya pikipiki, tukilala njiani, vumbi mpaka kwenye meno. Shangazi yangu alikuwa amefiwa na mume. Aliolewa huko na Mwislamu, na sisi upande wetu ni Wakatoliki. Katika Maniema, nani hana jamaa wa namna hiyo? Alfajiri unasikia mwadhini, baadaye kengele ya misa, na waombolezaji wanatoka pande zote mbili na kukaa chini ya miembe ileile. Kasongo ni mji wa mchele na wa habari za kale. Hapo Tippu Tip alikuwa na makao yake, hapo jeshi la Leopold liliingia mwaka 1893. Hayo watoto wetu wanayasoma masomoni. Mimi nitawasimulia mkeka mmoja tu.

Kwa kuwa wanajua nilifika mpaka sekondari, walinipa kazi ya kuandika michango ya matanga: mchele, mafuta ya mawese, kuni, franka. Siku ya pili akaja mzee jirani, mwalimu wa madrasa, kutoa chake. Aliinama juu ya kaye kuangalia kama jina lake limeingia. Akatazama sana. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, hapa umeandika au umekimbia?"

Watu walicheka, na kwenye kilio kicheko ni baraka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Jioni nikamfuata nyumbani kwake pamoja na binti ya shangazi, nikamwuliza kama mtu mzima anaweza kujifunza tena kuandika. Hakujibu. Alinionyesha nafasi kwenye mkeka, mahali wanapokaa watoto wake wa madrasa.

Kitu cha kwanza hakikuwa herufi. Kilikuwa kisu. Alichukua tete kavu, unene wake kama kidole kidogo cha mwanamke, akalikata mshazari upande mmoja kama vile unavyokata muhogo usiogope nyuzi zake. Akakwangua tumbo lake mpaka likawa jembamba. Akalipasua kidogo katikati, mpasuko mfupi tu, ili wino upate njia ya kushuka. Mwisho akalaza ncha juu ya kipande cha mfupa, akaikata kwa pigo moja, si sawasawa bali ikiinama kidogo. Hiyo ncha pana iliyoinama ndiyo siri yote. Biki ina kigololi. Popote unapoielekeza, mstari ni uleule. Kalamu ya tete ina uso. Ukiivuta upande huu inatoa mstari mnene, ukiivuta upande ule inatoa mwembamba kama unywele, na wewe hukukandamiza hata kidogo.

Wino ulitoka jikoni. Mke wake alikaanga mchele kwenye sufuria bila mafuta mpaka ukawa mweusi kabisa, ukatoa moshi wa kutukimbiza nje. Akautwanga ukawa vumbi, akauchuja kwa kitambaa, akatia maji na gundi ya mti. Alisema masizi ya koroboi pia yanafaa, tena ni laini zaidi, lakini lazima ukusanye siku nyingi. Ndani ya kidau waliweka nyuzi kidogo za pamba. Kalamu inagusa nyuzi, haizami ndani ya wino, na hivyo haidondoshi matone kwenye karatasi. Nimetumia miaka mingi jikoni nikisugua masufuria yaliyoungua, wala sikujua kwamba nilikuwa ninamwaga wino.

Siku tatu za kwanza niliandika nukta. Ndiyo, nukta! Unalaza kalamu, unaivuta kidogo, inatoka alama ya pembe nne iliyosimama kwa kona kama almasi ya karata. Mwalimu alinieleza kwamba hiyo ndiyo mita ya mwandishi. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kule Baghdad, waziri mmoja jina lake Ibn Muqla aliweka kanuni ya kupima kila herufi kwa nukta za kalamu yenyewe. Alifu, ile iliyosimama peke yake, ina urefu wa nukta kadhaa kulingana na aina ya hati, na herufi nyingine zinapimwa kwa kufuata hiyo. Waziri huyo siasa ilimpeleka pabaya: walimkata mkono wa kulia, akafa mwaka 940. Kanuni yake inaishi bado, mpaka kwenye mkeka wa Kasongo.

Nilimwambia, "Baba mwalimu, mimi sitaandika Kiarabu. Nataka kuandika majina ya wamama wa likelemba." Nilifikiri atachukia. Alicheka tu, akasema kalamu haijui dini. Akanikumbusha pia kwamba Kiswahili chetu kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za masista. Hata Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi hizo, na Mjerumani akazihamisha katika herufi za Kizungu. Mimi nasema mkono ule ule ulihesabu meno ya tembo na watu waliofungwa shingo, kwa hiyo tusidanganyane kwamba mwandiko mzuri unamfanya mtu kuwa mzuri. Lakini tuendelee.

Siku ya nne alinipa m. Aliikataa iliyokuwa yangu na kunionyesha kwamba ina miguu mitatu, na katikati ya mguu na mguu kuna nafasi, na nafasi hiyo lazima itoshe nukta zilezile kila mara. U ina mlango wazi juu. N ina mlango wazi chini. Wewe mama usomaye hapa, chukua biki yako uandike haraka neno "mwanamume", uone kama mtoto wako ataweza kukuhesabia miguu. Mimi niliandika neno hilo siku mbili nzima. Unavuta mguu, unainua kalamu, unapumua, unavuta mwingine. Binti ya shangazi alichoka akaenda kusuka nywele. Mimi nilibaki, na kitu cha ajabu kilitokea: kwa saa nzima sikufikiria bei ya mchele, wala karo ya masomo, wala kikohozi cha mdogo. Sijapata kupumzika namna hiyo tangu nimeolewa, na nilikuwa nimekaa nikifanya kazi.

Jumamosi, shangazi aliniomba niende na wamama wa jirani mpaka Nyangwe, kuleta samaki wa arobaini. Nyangwe leo ni kijiji ukingoni mwa Lualaba. Mto hapo ni mpana, rangi ya chai yenye maziwa, na pirogi zinakuja zimeinama kwa mizigo. Nilikaa juu ya gunia la muhogo nikiwatazama wamama wakipanga samaki, na nikakumbuka jambo nililosoma zamani, ambalo wengi wetu hatukufundishwa vizuri.

Mwaka 1871 Livingstone alikaa Nyangwe miezi kadhaa. Karatasi zilimwishia, na wino pia. Akachukua gazeti la zamani la London, jina lake The Standard, akaandika juu yake, mistari yake ikikata ile iliyochapwa. Wino aliutengeneza kwa mbegu za hapa kwetu, zile walizotumia kutia nguo rangi. Soko la Nyangwe lilikuwa soko la wanawake zaidi. Walivuka mto na pirogi, wakileta kuku, samaki, chumvi, vyungu, na alipenda kukaa hapo akiwasikiliza wakibishana bei. Tarehe 15 Julai 1871, watu wenye bunduki wa wale wafanyabiashara wa watumwa walifyatua risasi katikati ya soko. Siku hiyo walikuwapo watu kama 1500. Wanawake walikimbilia pirogi, zikazibana, wakajitupa majini. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Aliyaandika yote kwenye gazeti lile, kwa wino wa mbegu.

Habari hiyo ilipofika Uingereza iliwatia watu uchungu, na biashara ya watumwa ya Zanzibar ilipigwa marufuku mwaka 1873. Lakini wino wa mbegu ulififia mpaka kurasa zile hazikusomeka tena, na ilibidi kungoja karibu miaka 140 mpaka wataalamu walipozipiga picha kwa mianga ya rangi nyingi, maneno yakarudi.

Nilijiuliza pale juu ya gunia: majina yao yako wapi? Hesabu tunayo, siku tunayo, hata vyungu vyao tunavijua. Huyu aliyekuwa akiuza kuku, aliitwa nani? Mama mmoja akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni jua tu.

Niliporudi Kindu nilikuwa na kalamu tatu ndani ya kitambaa na chupa ndogo ya wino iliyofungwa kwa nta. Tangu hapo, jioni nne kwa juma, watoto wakilala, ninaandika. Baba ya watoto alidhani ni barua za mtu. Sasa yeye ndiye anayenikatia tete, na mkono wake ni mzuri kuliko wangu.

Yule anayetaka kujaribu, nampa haya machache. Tete liwe kavu kabisa. Lile bichi linakunywa wino na kulainika. Ukikosa, mwanzi mwembamba unafaa. Karatasi ya kaye ya kawaida inatawanya wino kama damu kwenye kitambaa, kwa hiyo ongeza gundi kidogo kwenye wino wako, au jaribu kwanza nyuma ya kalenda ya zamani, ile nyororo. Kaa chini, weka ubao juu ya goti la kulia kama wanafunzi wa madrasa, au mezani ukipenda, lakini mkono wote uegemee, si vidole peke yake. Ncha ya kalamu isizunguke ndani ya vidole: ukianza imeinama namna moja, iache ibaki hivyo mpaka mwisho wa mstari. Hapo ndipo wengi tunakosea, kwa sababu biki imetuzoeza kuzungusha. Na usianze na alfabeti nzima. Anza na jina lako. Watoto waandike nawe. Mtoto wangu wa miaka minane sasa anatengeneza y inayonipa wivu.

Wino ukikauka kidauni, tia maji. Ukioza (wa mchele unaoza, nawaambia mapema), tia chumvi kidogo au tupa ukaange mwingine.

Mwezi uliopita kikundi kilinunua kaye mpya, yenye jalada gumu. Mwenzangu alikuja nayo nyumbani, akaiweka mezani, akasema, "Dada, pesa nitaendelea kuandika mimi. Lakini ukurasa wa kwanza ni wako." Ni ukurasa wa majina ya wanachama wote, 27. Nilitumia jioni tano. Mama yangu, ambaye mpaka kufa alitia sahihi kwa kidole gumba, hakuwa mwanachama. Nilimwandika pembeni kwa penseli, halafu nikafuta.

Siku ya mkutano kaye ilipita kutoka mkono hadi mkono. Wale wamama wawili wa Mwa- walikuwa wamekaa mbalimbali, kama kawaida yao siku hizi. Ilipomfikia wa kwanza, alitafuta jina lake, akalipata, akalitazama. Halafu akainuka, akaenda na kaye mpaka alipokaa mwenzake, akamwuliza, "Lako ni lipi?" Mwenzake akamwonyesha kwa kidole. Wino wa mstari ule ulikuwa haujakauka vizuri, maana niliumaliza asubuhi ileile, na kidole kikavuta mkia mweusi mpaka ukingoni mwa karatasi.

Ilibidi niandike ukurasa wote upya. Safari hii walikuja wote wawili nyumbani kunishikia taa.