Maji ya Baba

Jumatano, 28 Mei 2025
Baba kasema leo. Ulimi bado mzito kwa kiharusi, maneno yanatoka nusunusu. Nilisikia "maji", nikamletea kikombe. Akakisukuma. Akanishika mkono kwa ule wake mzima, wa kulia, akauweka utosini mwake, akaukandamiza. Ndipo nikaelewa. Anataka kubatizwa.
Mama alikuwa mlangoni na ungo wa mchele. Akaacha kupepeta.

Ijumaa, 30 Mei
Mchungaji kaja. Kaomba vizuri mno, Baba akaitikia amina kwa sauti. Halafu kibarazani ananiambia tusubiri apate nafuu, atapelekwa baharini Mjimwema pamoja na waongofu wengine, abatizwe kwa maji mengi. Ndivyo tunavyoamini kwetu: mtu anazikwa majini na Kristo, anafufuka naye. Warumi 6. Mimi mwenyewe nilizamishwa palepale Mjimwema na siku ile naishukuru mpaka leo.
Lakini Baba ana mpira wa mkojo. Ana kidonda mgongoni tunachokisafisha asubuhi na jioni. Maji ya bahari kwenye kidonda kile? Daktari kakataa hata beseni. Sasa nafuu ipi tunayoisubiri?
Nikamuuliza, akiondoka kabla? Akanijibu kwa Luka 23: yule mhalifu msalabani hakubatizwa, na siku ileile aliahidiwa kuwa peponi. Kweli kabisa. Ila yule hakuwa na wa kumletea maji. Baba ana watoto, na ndoo zimejaa uani.
Kama maji si kitu, mbona silali?

Jumapili, 1 Juni, usiku
Sikwenda ibadani, zamu yangu ya kumgeuza Baba. Nimeshinda na Biblia.
Marko 16: kwenye kuokoka imani na ubatizo vimetajwa pamoja, kwenye hukumu kumetajwa kutoamini peke yake. Petro, waraka wa kwanza, sura ya 3, anasema wazi ubatizo unaokoa, na hapohapo anaonya kwamba si suala la kuosha uchafu mwilini. Halafu Kornelio, Matendo 10. Roho alitangulia, maji yakafuata. Petro hakusema basi, wameshampata Roho, maji ya nini tena. Aliuliza ni nani atakayewanyima.
Ni nani aliyemnyima Baba?
Miaka yote Baba kakaa benchi la nyuma kanisani. Sadaka anatoa. Msiba ukitokea yumo, kaburi anachimba. Bati za kanisa kapigilia misumari kwa mkono wake. Lakini alikuwa na Mama Mdogo, mke wa pili, na wachungaji wa wakati ule walisema amwache kwanza. Amwache aende wapi, na wale watoto? Baba akasema hamfukuzi mwanamke aliyemtolea mahari. Akarudi benchini kwake, akakaa.
Wala si kanisa letu tu. Maaskofu wa Kianglikana walikutana Lambeth mwaka 1888 wakaamua mwenye wake wengi asibatizwe. Mwaka 1988, palepale Lambeth, wakalegeza kwa masharti. Miaka mia! Wazee wangapi wamezikwa katikati hapo?
Na Mama Mdogo alipofariki, hakuja mtu kumwambia Baba kwamba kizuizi kimeondoka. Hilo linaniuma kuliko kiharusi.
Jioni Mama anachambua matembele, mara anauliza: "Na mdogo wangu je? Alikufa bila." Mama Mdogo, aliyekuwa akiamka usiku kutuombea wote, wa kwake na wa mwenzake. Nilinyamaza.

Jumanne, 3 Juni
Jirani yetu Mkatoliki katokea misa ya Mashahidi wa Uganda, kapitia kwetu na vitenge vyake. Kakaa na Mama jamvini. Anamsimulia habari za Kizito, mdogo kuliko wote, aliyebatizwa na Karoli Lwanga usiku walipojua kifo kimefika. Padri hayupo, katekista kambatiza. Na Mukasa Kiriwawanvu, aliyeuawa mwaka huohuo wa 1886 angali mkatekumeni, maji hayajamgusa. Mwaka 1964 Papa Paulo VI akamtangaza mtakatifu pamoja na wenzake. Kifo cha namna hiyo wao wanakiita ubatizo wa damu. Na aliyeyatamani maji kwa moyo akafa kabla hajayapata, wana jina lake pia, ubatizo wa tamaa.
Mama akauliza taratibu, "Na aliyetamani akazuiwa na watu?"
"Huyo ndiyo kabisa, dada yangu. Mungu hazuiliwi."
Mama kalia. Kalia vizuri, kilio cha kupumua.
Katekisimo yao si yetu. Leo imemfaa mama yangu.

Alhamisi, 5 Juni
Kaka katuma kwenye simu kipande cha Didake, Mafundisho ya Mitume, maandishi ya Wakristo wa mwanzo kabisa. Wanaagiza kubatiza kwenye maji yanayotiririka. Hayapo? Maji mengine. Ya baridi hayawezekani? Basi ya moto. Yote mawili huna? Mmiminie kichwani mara tatu, kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Kwa hiyo hata wao walikuwa na wagonjwa wao!
Nimempelekea mchungaji. Kasoma, kimya. Mchana mzima kimya. Saa nne usiku simu inaita: "Jumapili, baada ya ibada. Andaeni maji."
Nimepiga vigelegele mpaka Baba kashtuka usingizini.

Jumamosi, 7 Juni
Idi. Pilau kutoka nyumba tatu. Bomba halitoi, na kisima chetu Mbagala hii ni chumvi tupu. Namwambia Mama maji yoyote yanafaa. "Si kwa baba yako." Nimetafuta mkokoteni wa maji mpaka Zakhem, nimepata dumu la maji baridi.

Jumapili, 8 Juni, Pentekoste
Tayari! Mama kalitoa kabatini bakuli la Mama Mdogo, lile la maua ya bluu. Mchungaji kauliza, unaamini Yesu Kristo ni Mwokozi wako? "Naamini." Neno zima, halikukatika popote. Akammiminia mara tatu. Maji yakaingia sikioni, mto ukalowa, Baba akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Aliulizwa jina jipya, akakataa. Anabaki na alilopewa na babu.
Sasa nasema ninavyoamini. Aliyemwokoa Baba ni Kristo, na alikwisha kuwa wake kule benchini. Maji alistahili kupewa zamani.
Barua kwa wazee wa kanisa nimeianza usiku huu. Yupo mzee mmoja wa Charambe, mwenye wake wawili, anakuja kila Jumapili na kukaa nyuma. Naomba aitwe kabla hajaugua.