Samawati Juu ya Njano

Mjukuu wangu alitaka nywele za samawati hafifu. Nilimsindikiza saluni, maana fedha zilikuwa zangu. Msusi alizipausha kwa dawa yenye haidrojeni peroksaidi, zikatoka njano ya kiini cha yai. Mjukuu akataka rangi ipakwe papo hapo. Msusi akakataa: samawati juu ya njano huzaa kijani, jambo nililowafundisha wanachuo miaka mingi. Zilipaswa kupaushwa tena hadi zifanane na ganda la ndizi mbivu upande wa ndani, kisha zambarau kidogo iizime njano iliyosalia. Lakini alipovuta unywele mmoja uliolowa, ulinyumbuka kama mpira, ukakatika. Akaahirisha kazi majuma mawili, akampa krimu ya kuzilainisha. Nilimheshimu, ni wachache niliofanya nao kazi ambao wangekataa fedha iliyokwisha wekwa mezani. Mjukuu alinuna njia nzima.